Samaki kwanza, ugali baadaye
Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo na daktari ameshamruhusu vyakula vigumu: weka kando sahani ya kawaida, chukua kisahani cha chai. Anza na samaki, yai au maharage yaliyoiva sana. Ugali uje mwisho, tonge dogo tu, kama nafasi ipo. Mwili unahitaji angalau gramu 60 za protini kwa siku, na tumbo hilo dogo likishajaa wanga, protini haina pa kukaa. Tafuna mpaka chakula kilainike kama uji. Mimi huweka kijiko mezani kila ninapomeza, maana mkono bado una mazoea yake ya zamani.

Maji usinywe pamoja na chakula. Subiri nusu saa, kisha nywa mafunda madogo madogo mchana kutwa. Kwetu tuliozoea glasi pembeni ya sahani, hili ndilo gumu kuliko yote.

Ukialikwa pilau, mwambie mwenyeji mapema kwamba daktari amekupimia chakula. Ukihisi kubanwa kidogo chini ya kifua, hiyo ndiyo shibe. Acha, hata kama limebaki tonge moja. Na vidonge vya vitamini usiviache hata ukijisikia mzima.