Plazma ya kupima eksosomu za kansa: jinsi ya kuiandaa isiharibike kabla ya freeza

Seli za mwili, za kansa zikiwemo, zinatoa vifuko vidogo mno vyenye utando, na vile vya saizi ya nanomita 30 hadi 150 hivi ndo tunaviita eksosomu, ndani vimebeba protini na RNA (nakala za maelekezo ya jeni) za seli iliyovitoa. Ndo maana unaweza kutafuta kansa kwenye damu au mkojo bila kukata kipande cha nyama ya mwili (biopsi). Na inawezekana kweli, Marekani kuna kipimo kinaitwa ExoDx Prostate, mkojo tu, kinasoma RNA za jeni tatu, PCA3, ERG na SPDEF, mwanaume wa miaka 50 kwenda juu mwenye PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) kati ya 2 na 10 ng/ml akipata alama isiyozidi 15.6 uwezekano wa kuwa na kansa kali ya tezi dume ni mdogo, basi yeye na daktari wake wanaweza kuamua biopsi isubiri.

Sasa tuje kwenye damu, hapa tunatumia plazma, yaani majimaji ya damu ambayo haijaganda. Adui yako mkubwa ni plateleti, zile chembe ndogo zinazogandisha damu. Zenyewe pia zinatoa vifuko, tena kibao, na zikishtuliwa kidogo tu zinamwaga, mwisho unapima plateleti huku unaamini unapima uvimbe.

Kwa hiyo usitumie seramu (majimaji yanayobaki damu ikishaganda), maana damu ikiganda plateleti zinamwaga kila kitu. Chukua tyubu yenye dawa ya kuzuia damu isigande, sitreti au EDTA, heparini achana nayo itakusumbua kwenye PCR (kipimo cha kuzidisha DNA na RNA). Mgonjwa awe hajala, mafuta ya chakula yanaleta chembe zinazofanana saizi na vifuko vyako. Sindano isiwe nyembamba sana, mpira wa kufunga mkono usikae muda mrefu, tyubu ya kwanza peleka vipimo vingine. Geuza tyubu taratibu, USITIKISE, isimamishe wima kwenye joto la kawaida la chumba, usiweke kwenye barafu, na ndani ya saa moja iwe imeshaingia kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha tyubu).

Zungusha 2,500 g dakika 15, breki umezima. Ni g (nguvu ya kuvuta sampuli chini) jamani, siyo rpm (mizunguko kwa dakika)! Sentrifuji yenye rota ya nusu kipenyo sm 16 inahitaji kama rpm 3,740, ya sm 10 inahitaji kama 4,730, ukinakili namba ya rpm ya maabara nyingine umeshakosea. Nyonya plazma ya juu tu, acha kama sm 1 juu ya ule utando mweupe wa seli nyeupe na plateleti, usiwe na uchoyo hapo. Hamishia tyubu mpya, zungusha tena vilevile, acha kidogo chini. Plazma ikiwa na wekundu chembe nyekundu zimepasuka, iweke pembeni. Gawa kidogo kidogo, nyuzi -80, kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu.

Ukishatenga vifuko, iwe kwa kolamu (mrija wa kuchuja kwa saizi) au kwa kuzungusha 100,000 g, hakikisha protini za alama ya eksosomu CD63, CD81 na TSG101 zipo, halafu pima na CD41. Hiyo ni alama ya plateleti, ikiwa juu rudi kwenye hatua ya kuzungusha.

Kingine watu wanapitiwa sana: damu ya wagonjwa inatoka wodini inakaa masaa, ya watu wasioumwa inatolewa hapohapo maabara na kuzungushwa fasta, halafu tofauti inaonekana kubwa kila mtu anafurahi. Hiyo ni tofauti ya kusubiri. Toa makundi yote sehemu moja, tyubu aina moja, na uandike saa ya kutoa na saa ya kuzungusha kwa kila sampuli.