Kabla ya kuwakutanisha vijana wa Kiisraeli na wa Kipalestina: mambo ya kuzingatia

Anayeandaa kambi ya amani ya vijana wa Kiisraeli na wa Kipalestina mara nyingi huanza na tikiti, malazi na ratiba ya michezo. Hayo yatapata watu wa kuyashughulikia. Siku ya kurudi nyumbani ndiyo husahauliwa, na ndiyo inayotakiwa kuandaliwa kwanza, kabla hata fomu hazijagawiwa.

Chukua kambi inayojulikana zaidi, ya Seeds of Peace, iliyoanzishwa mwaka 1993 na mwandishi wa habari John Wallach, na ambayo makao yake yako Otisfield, jimbo la Maine, Marekani. Vijana hulala kibanda kimoja, hula meza moja, hucheza timu moja, na hukaa pamoja kwenye mazungumzo marefu chini ya wasimamizi. Pale kambini, kando ya ziwa, hakuna king'ora wala kizuizi cha barabarani. Kambi ikiisha, mmoja anarudi Tel Aviv na mwingine Hebroni. Wa kwanza akifika miaka 18 huitwa jeshini, na huenda akapangwa kwenye kizuizi kile kile anachopita mwenzake. Wazazi na vijana walizungumze hilo waziwazi kabla ya safari. Kuwaachia waje kuliona wenyewe baadaye ni kuwaonea.

Mwulizeni pia kila kijana, faraghani, atajibu nini shuleni akirudi. Wapalestina wengi wanaona mikutano ya namna hii inaufanya ukaliaji wa mabavu uonekane jambo la kawaida, na mtoto anaweza kuitwa msaliti kwa sababu ya picha moja tu. Kwa upande wa pili, kijana wa Kiisraeli huambiwa amekwenda kula na adui. Kwa hiyo ruhusa ya picha iombwe kwa kila picha, si mara moja kwenye fomu, na asiyetaka asipigwe. Hatari si ya maneno matupu. Asel Asleh, Mpalestina raia wa Israel aliyekuwa amepitia kambi hiyo ya Maine, aliuawa na polisi wa Israel kijijini kwao Arrabeh, Galilaya, Oktoba 2000, akiwa na miaka 17. Alikuwa amevaa fulana ya kijani ya kambi.

Vibali vishughulikiwe miezi kadhaa kabla, kwa kuwa ndipo ukosefu wa usawa unapoanzia. Mwisraeli hupanda ndege uwanja wa Ben Gurion. Kijana wa Ukingo wa Magharibi kwa kawaida hupitia daraja la Allenby, mpakani na Jordan, aende kupandia ndege Amman, baada ya mistari mirefu na maswali ya askari. Gaza imefungwa tangu 2007, na wa huko wengi hawatoki kabisa. Msimamizi asiyeyajua haya atashangaa kwa nini siku ya kwanza upande mmoja umenuna.

Lugha nayo. Mkizungumza Kiingereza tu, mtapata watoto wa shule ghali. Mkizungumza Kiebrania, Wapalestina watakuwa wageni chumbani. Gharama ya wakalimani iingie kwenye bajeti tangu mwanzo, na wasimamizi wawe wawili, mmoja wa kila upande, waliokwisha kufanya kazi pamoja. Chakula halali na cha kosher (kinachofuata sheria za Kiyahudi), sala, Sabato na Ramadhani ni rahisi. Ulizeni familia, wekeni kwenye ratiba.

Tangu shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023 na vita vya Gaza vilivyofuata, limeongezeka jambo zito kuliko yote haya: kujua nani amefiwa. Kunaweza kuwa na binti ambaye ndugu yake alitekwa, ameketi karibu na mvulana ambaye nyumba ya shangazi yake imekuwa kifusi. Andaeni mshauri nasaha anayezungumza Kiarabu na mwingine wa Kiebrania, na mkubaliane mapema kwamba mtu anaweza kutoka nje bila kuulizwa sababu. Msifungue kikao cha kwanza kwa swali la nani alianza.

Juliana Schroeder na Jane Risen, wakiwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, walipowafuatilia vijana wa kambi ya Maine, waliona kuwa aliyepata walau rafiki mmoja wa karibu wa upande wa pili ndiye aliyebaki na mtazamo mwema zaidi. Basi pangeni makundi madogo yanayokaa pamoja siku zote, badala ya kuwachanganya upya kila asubuhi.

Mwisho, mahali pa kukutana tena. Mabango mekundu kwenye njia za kuingia Eneo A, yaani sehemu za Ukingo wa Magharibi zilizo chini ya Mamlaka ya Palestina, yanamkataza Mwisraeli kupita, na Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi haingii Israel bila kibali. Kwa miaka mingi vikundi vya aina hii vimekutania kwenye vilima vya Beit Jala, karibu na Bethlehemu, ambako pande zote mbili ziliweza kufika. Tarehe ya mkutano huo, nauli yake na jina la atakayeusimamia viandikwe kabla tikiti ya kwanza haijakatwa.