Unataka sailensa ya bunduki? Anza na vidole vyako

Ukitaja sailensa hapa Mombasa, atakayegeuka kwanza ni fundi wa bodaboda. Mpwa wangu alikuwa na maana nyingine: kile kibomba kinachofungwa mdomoni mwa bunduki kupunguza mlio. Alikiona mtandaoni, akawa tayari kulipa. Nikamzuia. Kwa Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, kifaa cha kupunguza mlio kinahesabiwa silaha chenyewe, hata kikija peke yake ndani ya katoni ya vipuri. Usiagize chochote kabla ya kibali.

Jambo la pili, sababu ya kutaka silaha. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, kwa hivyo ukiandika "nataka kuwinda" kwenye ombi lako umejifungia mlango mwenyewe. Bodi ya Leseni za Silaha lazima iridhike kwamba una sababu ya maana, huna ulevi, akili zako timamu, na silaha mkononi mwako haitahatarisha watu. Andika ukweli wako, kwa ufupi.

Kisha tafuta cheti cha mwenendo mwema, na hapa ndipo wengi hukwama. Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, chagua huduma za DCI, yaani idara ya upelelezi wa jinai, jaza, lipa shilingi 1,050. Chapisha fomu ya C24, ile ya alama za vidole, mbele na nyuma ya karatasi moja. Kijana wa saiba, duka la intaneti, akikutolea karatasi mbili, mrudishie papo hapo. Chukua na risiti, kitambulisho na kopi yake, uende Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, pale Posta, Barabara ya Digo.

Alama za vidole zina mambo yake. Mimi ya kwanza ilikataliwa: joto, jasho, wino ukatapakaa, mistari ikawa tope. Nenda asubuhi, osha mikono kwa sabuni, ikaushe kabisa, na usipake mafuta ya nazi siku hiyo. Ukishikwa kidole kilegeze, usisaidie kubonyeza. Mvuvi aliyechanika kwa mishipi afadhali asubiri vidonda vipone.

Cheti kikitoka, peleka ombi la silaha. Taja aina ya bunduki na kiasi cha risasi, na ukitaka sailensa, iulizie kama kitu cha pekee kwa bodi hiyo ya leseni. Usidhani itafuata bunduki kama mkia. Jibu lake liwe la maandishi. Neno la muuzaji halina uzito wowote hapa.

Weka kopi za kila karatasi. Desemba 2018 serikali ilifuta leseni zote za raia na kuwataka wenye silaha wakaguliwe upya, na aliyekuwa na faili kamili hakuhangaika sana.

Mpwa wangu kashapigwa wino. Kila jioni anafungua akaunti yake kuangalia kama cheti kimeingia, na dole gumba lake bado lina weusi kwenye ukucha.