Kabla ya kuhuisha bima ya ng'ombe, zunguka zizi kwanza

Hati ya bima inalijua shamba lako kama lilivyokuwa siku daktari wa mifugo alipokuja kuthamini. Tangu siku hiyo mtamba amezaa, mmoja ameuzwa, mwingine amenunuliwa mnadani, zizi limeongezwa mabati. Hati haina habari.

Ndiyo maana mwezi mmoja kabla bima haijaisha huingia zizini na hati mkononi, asubuhi, ng'ombe wakiwa bado wamefungwa. Naanza na hereni, na hapo sina haraka. Mimi nasoma namba sikioni kwa sauti, mwanangu anafuatisha kwenye karatasi. Ukoga ukiwa umeziba tarakimu, nausugua kwa kitambaa chenye maji mpaka 3 ijitenge na 8.

Nina sababu. Mwaka fulani ng'ombe wangu alivimba tumbo baada ya kula lusini yenye umande, akafa kabla ya saa sita. Ada ya bima nilikuwa nimeimaliza. Lakini miezi kadhaa nyuma hereni yake ilinasa kwenye ubao wa hori ikang'oka, nami nikamvisha nyingine iliyokuwa stoo bila kumwambia mtu. Kampuni ikajibu kwamba haina ushahidi kuwa huyu aliyekufa ndiye waliyemkatia bima. Nilikasirika, lakini leo nikiisoma barua ile naona ningekuwa mimi ningeandika hayohayo. Hereni ikidondoka, piga picha, piga simu siku hiyohiyo, na namba mpya ipate kuandikwa kwenye hati. Ahadi ya wakala kwa mdomo haitoshi.

Kisha bei. Ng'ombe aliyekatiwa bima akiwa mtamba si bei ile tena akishatoa maziwa ya uzao wa pili, na aliyezeeka naye ameshuka. Kumpandishia bei makusudi ni kujilipisha ada ya bure, maana mara nyingi fidia haizidi bei yake ya soko siku aliyokufa.

Kwa majengo na mashine, bei ya chini huumiza zaidi. Tuseme zizi na stoo ya nyasi vinagharimu Sh600,000, nawe umeandikisha Sh300,000 ili ada ipungue. Moto ukiteketeza mali ya Sh200,000, mikataba mingi itakupa Sh100,000 tu: uliandikisha nusu, unalipwa nusu. Wengi hudhani watalipwa zote kwa kuwa hasara haikufika laki tatu.

Kadi ya chanjo nayo isomwe. Kampuni nyingi hazilipi kifo cha ugonjwa wenye chanjo, kama kimeta au chambavu, ikiwa huna rekodi ya kuchanja. Na usiache bima ikatike hata wiki moja, kwa sababu ukiianza upya, muda wa kusubiri kabla ya magonjwa kufidiwa unaweza kuanza kuhesabiwa upya pia. Kama ng'ombe alinunuliwa kwa mkopo, uliza anayelipwa kwanza ni nani. Mara nyingi ni benki.

Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya wana bima ya namna nyingine, iliyoanza Marsabit mwaka 2010. Huko hakuna anayekuja kukagua mzoga. Setilaiti hupima ukijani wa malisho ya eneo zima, na malisho yakishuka chini ya kiwango kilichowekwa, fidia hutoka. Kwao la kuzingatia ni kalenda, kwani bima hiyo huuzwa kabla ya mvua, kwa kawaida Januari na Februari, halafu Agosti na Septemba. Na ngamia akifa kwa ugonjwa malisho yakiwa mazuri, bima hiyo haimhusu.

La mwisho ni siku yenyewe ya msiba. Ng'ombe akifa, asizikwe, asichunwe, na hereni isiguswe mpaka daktari amfanyie uchunguzi na kuandika ripoti. Kila mtu wa nyumbani ajue hivyo. Namba ya wakala nimeiandika kwa chaki ndani ya mlango wa stoo, kwa sababu mchana anayebaki na ng'ombe ni kijana wa zizi, na simu yenye namba hiyo ninayo mimi mjini.