Piga picha kabla ya kubonyeza riseti

Boila ya gesi (mtambo wa kupasha maji ya nyumba) ikijizima na kutoa msimbo wa hitilafu, piga kwanza picha ya skrini, geji ya presha ionekane humo humo. Ukiwahi riseti (kitufe cha kuiwasha upya), msimbo hutoweka kwenye skrini, na boila ikizima tena huenda ikaleta mwingine kabisa. Fundi abaki kubahatisha. Kisha soma msimbo kwenye kitabu cha modeli yako, si cha jirani, maana kila kampuni ina orodha yake. Kwa boila za Vaillant, F22 ni maji kupungua: boila ikiwa baridi, geji isomeke kati ya baa (kipimo cha presha) 1 na 1.5, na kuongeza maji ni kazi unayoiweza. F28 ni moto kukataa kuwaka. Hapo jaribu jiko la gesi kwanza. Lisipowaka nalo, huenda shida ni gesi yenyewe.

Mbinu hii ina kikomo: msimbo hutaja dalili, hautaji kifaa kilichokufa. Moto hukataa hata kwa bomba la kumwaga maji ya boila lililoganda barafu nje. Na ukisikia harufu ya gesi, achana na picha: funga valvu ya gesi, fungua madirisha, usiguse swichi, toka.