Jinsi ninavyoandika notsi za somo la Kompyuta, sekondari

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu aliniletea daftari lake la Kompyuta. Mwandiko safi, vichwa vya mada vya rangi tatu, kila fasili imenakiliwa neno kwa neno. Nikamwambia aandike 13 kwa binari, yaani kwa tarakimu 0 na 1 tu. Akafungua ukurasa wenye maana ya binari, akanisomea. Hesabu yenyewe ikamshinda. Iliniuma, kwa sababu na mimi nilisoma hivyohivyo. Tukaanza upya namna hii.

1. Anza na mtaala. Orodhesha mada zote kwenye ukurasa wa kwanza. Weka alama kwenye zile unazoweza kumfundisha mwenzako bila kuangalia popote. Ambazo hazina alama ndizo za kuanza nazo.

2. Daftari la miraba na kalamu ya wino. Notsi za somo hili zisiandikwe kwenye simu. Majedwali na milango ya mantiki (michoro ya AND, OR na NOT) huchorwa kwa mkono, na kwenye mtihani wa karatasi utazichora kwa mkono vilevile. Penseli nayo siitaki kwa sababu ya kifutio. Kosa likatwe kwa mstari mmoja, sahihi iandikwe kando, ili siku ya marudio uone ulipoteleza.

3. Fasili ziende mbilimbili. Weka pamoja vitu vinavyochanganywa. RAM na ROM ni kumbukumbu za kompyuta: RAM hupoteza data umeme ukikatika, ROM haipotezi. Kompaila hutafsiri programu nzima kabla haijaendeshwa. Intapreta hutafsiri na kutekeleza sentensi moja baada ya nyingine. Tumia maneno yako mwenyewe, mistari miwili inatosha.

4. Binari na heksadesimali. Andika 8, 4, 2, 1 juu ya miraba: 13 ni 8+4+1, kwa hiyo 1101, na kwa heksadesimali (mfumo wa tarakimu 16, A hadi F zikiwa 10 hadi 15) ni D. Mfano mmoja uliokamilika, kisha maswali matatu yasiyo na majibu.

5. Algoriti (hatua za kutatua tatizo): jedwali la ufuatiliaji. Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima nikiwa mwanafunzi. Nilikuwa nimekariri hatua za utafutaji wa binari, ule wa kukata orodha nusu kwa nusu, lakini kila nilipopewa namba halisi jibu langu lilitofautiana na la kitabu. Hatua nilizijua. Tatizo ni kwamba nilizifanya kichwani.

Chukua orodha hii: 4, 9, 15, 21, 30, 42, 57. Tunatafuta 30. Kila kigeu (jina linaloshika thamani inayobadilika) kipewe safu yake, na kila mzunguko wa kitanzi, yaani hatua zinazorudiwa, upewe mstari wake. Mwanzo, mwisho na kati ni nafasi kwenye orodha, hapa zikihesabiwa kuanzia 0; kati ni nusu ya mwanzo jumlisha mwisho:

| mwanzo | mwisho | kati | thamani | uamuzi |
|---|---|---|---|---|
| 0 | 6 | 3 | 21 | ndogo, mwanzo uwe 4 |
| 4 | 6 | 5 | 42 | kubwa, mwisho uwe 4 |
| 4 | 4 | 4 | 30 | imepatikana |

Sasa tahadhari, na ziandike zote pembeni ya jedwali. Kwanza, nafasi zinaanza kuhesabiwa 0 au 1? Swali lako linaweza kutumia yoyote, na ukikosea hapo jedwali lote linaharibika. Kosa langu la jioni ile lilikuwa hilohilo. Pili, "kati" ikitoka 3.5, chukua 3, ila soma algoriti uliyopewa kwanza, kwa kuwa nyingine hupandisha. Tatu, mwanzo mpya ni kati *jumlisha moja*. Ukiuacha sawa na kati, kitanzi kinaweza kuzunguka bila kuisha. Nne, orodha lazima iwe imepangwa tayari. Tano, fuatilia pia namba isiyokuwemo: ukitafuta 31, mistari miwili ya kwanza ni ileile, wa tatu unasema 30 ni ndogo, mwanzo unakuwa 5 huku mwisho ukiwa 4. Mwanzo umeupita mwisho, hivyo kitanzi kinasimama. Wanafunzi wengi huandika mfano wa namba inayopatikana tu, wakati sharti la kusimama linaonekana vizuri zaidi kwenye ule wa kukosa.

Ukishamaliza jedwali kwa mkono, ndipo uandike programu uiendeshe, ikichapisha vigeu katika kila mzunguko. Linganisha. Usianze na kompyuta, maana itakupa jibu kabla hujajua unachokikosea.

6. Funika, andika tena. Kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Majibu yakae kurasa za mwisho za daftari.

Jana mdogo wangu alifuatilia 31 peke yake hadi kitanzi kikasimama. Kilichomkwamisha ni upangaji wa kubadilishana namba jirani: kila mara anasahau kuwa mzunguko wa pili hauhitaji tena kuigusa namba ya mwisho. Kosa hilo amelikata kwa wino, na kesho tunaanzia hapo.