Jinsi ya kukusanya vyungu vya zamani vyenye nakshi ya rojo ya udongo bila kuviharibu nyumbani

Wengi hunitafuta wakiwa wameshanunua. Picha inaingia kwenye simu: mtungi mwekundu mzuri, na ubavuni kuna kitu cheupe kama unga. Swali ni lilelile, "Hii nyeupe inatoka wapi, na mbona nikipangusa inarudi?" Jibu liko hatua ya nne, ndiyo maana hatua hiyo ni ndefu kuliko nyingine zote. Kama chungu kiko mezani tayari na kinabanduka, ruka moja kwa moja hadi huko.

Hatua ya 1: Chagua unakusanya nini

Rojo ninayoizungumzia ni udongo laini uliochujwa na kukorogwa na maji, unaopakwa kwenye chombo kabla ya kuchomwa. Kwa vyungu vya Kiluo ni udongo mwekundu wenye chuma, uliosuguliwa kwa kokoto hadi ukang'aa, na karibu yake kuna mapambo yaliyobingirishwa kwa kamba iliyosokotwa. Kwa vyombo vya zamani vya Uingereza, rojo nyeupe au ya kahawia humiminwa kwa mistari juu ya sahani au jagi, kisha ikafunikwa kwa gleizi ya risasi, yaani tabaka linalong'aa kama kioo lenye madini ya risasi. Vilivyo mashuhuri zaidi ni vya Staffordshire vya karne ya 17, hasa masahani makubwa yenye jina la Thomas Toft ukingoni. Ukiuziwa Toft pale Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, cheka na muuzaji kisha uendelee na safari.

Mimi ni mtu wa dapi, yaani mtungi wa maji, na ningependa uanzie hapo. Bei inavumilika, na waliovitumia bado wako hai wa kukueleza. Ukishikilia vya Uingereza, tafuta vya kiwanda cha Winchcombe. Mfinyanzi Michael Cardew alianza kazi pale mwaka 1926 akifufua ufundi huu uliokuwa unakufa. Geuza chombo utazame chini: muhuri wa kiwanda ni WP, wake mwenyewe ni MC. (Cardew huyohuyo ndiye aliyeanzisha kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Nijeria, ambako mfinyanzi Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alikwenda kujifunza miaka ya 1970.) Onyo moja: chombo cha zamani chenye gleizi ya risasi usikitilie chakula, hasa chenye limau au siki. Kitundike ukutani.

Hatua ya 2: Pa kutafuta

Kabla ya kutoa shilingi, nenda Makumbusho ya Taifa pale juu ya Museum Hill ukazoeshe jicho. Kisha pita kwenye vyombo vya mitumba vya Gikomba na Toi, na usiache mauzo ya nyumbani Karen na Lang'ata, watu wanapohama na kuuza vitu vyote kwa siku moja. Vibanda vya vinyago vya watalii mimi siendi. Kule "zamani" maana yake ni mwezi uliopita.

Chungu cha mila cha familia, hata kama kijana wa nyumbani anakiuza kwa furaha, kiache. Vilevile vigae (vipande vya vyungu) vilivyochimbwa ardhini, hasa vya Pwani, usivinunue kabisa. Kwa sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa Kenya au kuletwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale, na hukitoi nje ya nchi bila kibali. Shangazi yako wa Ughaibuni akiomba zawadi, mpelekee kiondo.

Hatua ya 3: Kagua kabla ya kulipa

Gonga kwa kifundo cha kidole. Sauti ikiwa butu, huenda kuna ufa.

Tafuta mahali palipomegeka. Rojo ya kweli utaiona kama utepe mwembamba mwekundu juu ya mwili wa rangi nyingine, vimeshikana bila mpaka wa kubanduka. Rangi ya dukani hukaa juu tu na kujaa kwenye mifereji ya mapambo. Kisha angalia uchakavu uko wapi. Mtungi uliotumika kweli hulika kitakoni na mdomoni upande wa ndani, pale kata ilipokuwa ikigusa kila siku. Ukichakaa sawasawa kila mahali, kuna mtu amepitisha msasa.

Beba ile taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Gizani, gundi na rangi ya fundi aliyekarabati mara nyingi hung'aa tofauti na udongo. Pia chovya kijiti cha pamba kwenye asetoni safi ya duka la dawa (ile ya saluni yenye manukato huwa imechanganywa na mafuta) na uguse chini ya kitako, sehemu ndogo kama punje ya dengu. Pamba ikitoka na rangi ya viatu, rudisha chungu. Lakini angalia usimwonee muuzaji: wafinyanzi wengine hunyunyizia chungu cha moto maji ya magome ya miti, na weusi huo pamoja na masizi ya jikoni unaweza kutoka kidogo. Hiyo si hila.

Hatua ya 4: Ondoa chumvi

Maji yaliyokaa mtungini miaka nenda miaka rudi yaliacha chumvi ndani ya udongo. Hewa ikiwa na unyevu chumvi inayeyuka, ikikauka inaganda tena chini ya rojo na kuisukuma nje. Ukipangusa kwa kitambaa kibichi unaiyeyusha na kuirudisha ndani, ikauke upya, isukume upya. Jirani yangu mmoja alipangusa mtungi wake kila Jumamosi kwa bidii zote, na kila Jumamosi kitambaa kilitoka na wekundu zaidi.

Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, usitumie, wala siki. Usiuzamishe mtungi kwenye beseni, hata kama video fulani inasema hivyo. Vyungu vya kwetu vimechomwa kwa moto wa wazi usio mkali sana, na rojo inaweza kulainika.

Utahitaji maji yaliyotoneshwa, yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kama maji ya betri. Soma kibandiko mara mbili: kuna chupa za asidi ya betri kwenye rafu hiyohiyo, na hizo zitakuunguza wewe kabla ya chungu. Nunua pia kipimo cha TDS, kile cha umbo la kalamu wanachotumia wauza maji kupima chumvi zilizoyeyuka majini. Pima maji kabla ya kuyatumia, namba iwe karibu na sifuri. Kuna "maji ya betri" mtaani ambayo ni ya mfereji tu. Ya kisima yanaongeza chumvi.

Vigamba vinavyoning'inia vishike kwanza kwa tone dogo la Paraloid B-72 (gundi ya plastiki ya wahifadhi wa makumbusho) iliyoyeyushwa kwenye asetoni, ukitumia brashi nyembamba. Tone tu. Ukipaka mtungi mzima umeziba mlango wa chumvi kutokea.

Rarua tishu nyeupe isiyo na manukato, iloweke, iponde, ikamue kidogo, kisha ibandike upande wa ndani kwa unene wa nusu sentimita, mfululizo. Ukibandika kiraka, ukingo wake utaacha doa la duara. Weka kivulini, mbali na jua na feni, hadi tishu ikauke kabisa. Chumvi hufuata maji hadi kwenye tishu, kwa hiyo ukiitoa ingali mbichi umepoteza kazi. Ibandue, iloweke kwenye glasi ya maji mapya yaliyotoneshwa kwa dakika kumi, upime. Andika namba. Rudia na tishu mpya, glasi ileile, kiasi kilekile cha maji, la sivyo namba hazilinganishiki. Zikiacha kushuka, umemaliza. Wekundu ukianza kuonekana kwenye tishu, simama hapohapo.

Wakati wa mvua kukauka huchukua muda mrefu na kuvu hupenda tishu. Mimi hungoja Januari.

Hatua ya 5: Kuunganisha

Paraloid tena, basi. Supaglu haiingii nyumbani kwangu: ukikosea mshono ni vigumu kuufungua bila kung'oa udongo, ilhali Paraloid huachia kwa urahisi kwa asetoni.

Hatua ya 6: Mahali pa kuweka

Kitako cha duara kikalishe kwenye ngata ya majani au ya kitambaa, juu ya meza ambayo tambara la kupigia deki haliifikii. Usipande maua ndani, maana ukimwagilia utarudi hatua ya nne. Andika kwa penseli kwenye karatasi ulikonunua, lini, na eneo ambako chungu kilitoka, ukunje na kuitia ndani. Stika usibandike juu ya rojo, kwa sababu siku ya kuitoa itaondoka nayo.